Mapanga Yasiyonolewa

Panga la kwanza kutoka katika masanduku yetu lilinichana mimi. Kovu lenyewe hili hapa, limekata kiganja cha kulia kutoka chini ya kidole gumba hadi ukingo wa pili, na mvua ikikaribia kushuka kutoka milimani linaniwasha kama nimeshika upupu. Wajukuu wakiuliza nawaambia niliumia nikikata majani ya ng'ombe. Uongo mtupu. Niliumia ndani ya bohari la mizigo la stesheni ya Voi, mchana kweupe, mbele ya serikali.

Wakati huo mume wangu na mimi tulikuwa na duka la bati ng'ambo ya reli. Yeye alikuwa amerudi kutoka vita vya Wazungu kule Burma na sikio moja lisilosikia na mkono mwepesi. Mwepesi wa kazi, mwepesi wa kupiga. Sitamsingizia: mimi alinipiga mara moja tu, nikamrudishia kwa mwiko wa ugali, mwiko ukavunjika begani mwake, na tangu hapo tukaheshimiana. Mimi nami si malaika. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na watu wa msituni. Kwetu Taita hapakuwa na vita msituni, lakini vita vilipita mlangoni petu kwa njia ya reli. Treni za mahabusu zilisimama Voi ili injini inywe maji. Madirisha yalikuwa na waya, na nyuma ya waya kulikuwa na vidole. Askari walitembea kando ya mabehewa wakivigonga vidole vile kwa marungu, bila haraka, kama mtu anayejaribu mikungu ya ndizi sokoni. Mwanzoni nilikuwa naingia ndani na kufunga mlango. Baadaye nikawa naendelea kupima sukari. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vile vidole, kwamba mkono wangu uliendelea kupima sukari.

Sasa, habari ya mapanga. Watu wa Werugha walishuka na kabichi zao, wakauza, wakanunua panga mjini, wakapanda nalo milimani. Wiki ya pili wanarudi nalo limepinda. Matuta yao yana mawe, na mapanga yaliyoletwa Voi siku hizo yalikuwa laini, yakigonga jiwe yanakunjamana. Hata wakulima wa Njukini, ambao ardhi yao haina mawe mengi, walilalamika kwamba hayamalizi msimu wa kufyeka. Mume wangu alikuwa na kitabu cha picha kutoka kiwanda kimoja cha Ulaya. Alikuwa akikisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Siku moja akakifunga akasema, "Tutaagiza wenyewe."

Watu walicheka. Mwafrika aagize bidhaa Ulaya, ipite Kilindini, ifike Voi, ishushwe kwa jina lake? Mhindi mwenye duka la jumla, ambaye tulikuwa tukichukua kila kitu kwake, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, agiza sufuria. Agiza taa. Panga wakati huu ni taabu." Mume wangu hakusikia. Sijui ni kwa lile sikio bovu au kwa lile zima.

Mtaji ulitoka Werugha, kwao mume wangu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Marehemu mama yao alikuwa amewaachia wanawe wawili ng'ombe wa maziwa na mtamba wake. Kaka mkubwa, shemeji yangu, alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko chini. Siku aliyopanda nyumbani kupumzika alikuta kamba imening'inia kigingini. Mdogo wake alikuwa ameshauza wote wawili bila kumwuliza. Shemeji alikunja ile kamba, akaiweka juu ya dari, akarudi mkongeni bila kusema neno.

Angelipiga kelele ingekuwa afadhali. Kwetu, hasira ya mkubwa ikikaa moyoni bila kusemwa, haikai bure. Hutoka yenyewe ikatafuta cha kula: mtoto ataugua, mbuzi ataharibu mimba, safari itakwama. Jumapili tulikuwa watu wa kanisa sote, tukiimba kwa sauti nne. Lakini Jumatatu ng'ombe akikataa kusimama, kila mtu alianza kujiuliza ni nani amekasirika.

Mzigo ulifika Kilindini, masanduku matatu, ukakwama. Tulishuka Mombasa kwa treni, mimi na yeye, nimevaa viatu vilivyonibana. Kwenye lango la forodha palikuwa na umati wa makuli na mawakala, na bawabu mmoja mwenye kiboko aliyekuwa akiwapanga watu mstari. Hakuwa akisema, alikuwa akichapa tu. Kilinipata miguuni. Niligeuka nikamshika ukosi wa shati, na mume wangu akanivuta nyuma akininong'oneza, "Mama, si leo. Leo tuna mzigo." Nilimwachia yule bawabu, na vifungo viwili vya shati lake nikabaki navyo mkononi. Niliondoka navyo.

Ndani, karani wa forodha alisoma kilichoandikwa, akamtazama mume wangu, akasoma tena. "Mapanga? Wewe? Wakati huu?" Akaita wenzake waje waone. Tukaambiwa tulete kibali cha Bwana DC, mkuu wa wilaya. Tukaleta. Tukaambiwa polisi nao waseme neno. Tukangoja. Kila tulipoleta kitu kimoja, kilitakiwa kingine ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja. Duka lilianza kuwa tupu kwa sababu kila tulichokuwa nacho kilikuwa ndani ya yale masanduku, na maneno yakaanza kutembea Voi: yule wa duka la bati anawaletea silaha watu wa msituni. Maneno ya aina hiyo siku hizo hayakuwa mchezo. Mtu alisemwa asubuhi, jioni yuko nyuma ya waya. Nilianza kuvitazama vile vidole vya treni nikitafuta kidole cha mume wangu kabla hajashikwa.

Mwishowe tukaambiwa hivi: masanduku yatapelekwa Voi kwa reli, yamefungwa kwa muhuri wa forodha wa madini ya risasi, na ofisa wao atapanda kuja kuyafungua mbele ya polisi. Akiridhika, tutachukua. Asiporidhika, mzigo ni wa serikali na mwenye mzigo naye pia.

Ndipo shemeji alipokuja. Alikuja dukani kwa miguu kutoka mkongeni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa.

"Ni mimi," alimwambia mdogo wake.

"Ni wewe nini, kaka?"

"Mzigo wako haufunguki kwa sababu yangu. Nilikukasirikia ile siku ya kamba, na nimekaa nayo. Siku ya kuufungua nitakuja nitase."

Mume wangu, aliyeua watu Burma, aliinamisha kichwa akaanza kulia papo hapo kati ya mapipa ya mafuta ya taa. Nami nililia. Nilimpenda sana shemeji siku ile, na niseme wazi kwamba nampenda hata leo, kaburini aliko.

Kutasa, kwa asiyejua, ni hivi. Mtu mwenye kinyongo huchukua pombe ya miwa, au hata maji, akajaza mdomo. Kisha huipuliza itoke kama manyunyu juu ya kile kilichodhurika, akisema: kama ni mimi niliyekasirika, nimeacha, kupoe, kuwe na amani. Hasira hutoka pamoja na yale manyunyu. Haifanyiki kwa mbali, wala haitumwi kwa mtu mwingine. Mdomo ule ule ulionyamaza kwa hasira ndio unaofunguka. Na ni lazima ifanyike juu ya kitu chenyewe.

Tulikubaliana atakuja na kibuyu. Tulizungumza habari ya miwa, ya nani atapika pombe, ya mkokoteni wa kubebea masanduku. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kuna watu duniani ambao ukiwapulizia baraka watadhani umewatemea mate.

Siku yenyewe jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi na bati la bohari lilikuwa likialika. Ofisa wa forodha alikuwa Mzungu kijana, mrefu, pua imebabuka, soksi nyeupe mpaka magotini. Alikuwa na karatasi zake kwenye ubao. Pamoja naye askari polisi wawili wa kutoka bara. Mmoja, mnene wa shingo, alikuwa akitafuna kijiti na bunduki ikiwa begani. Shemeji alisimama mlangoni na kibuyu chake, amevaa koti la kanisani.

Wakakata muhuri. Wakang'oa misumari. Mapanga yalikuwa yamelazwa kwa mistari, kila moja limefungwa karatasi ya kahawia na kupakwa grisi, na harufu ya ile grisi ilikuja ikajaa bohari zima. Mpaka leo nikipita gereji mwili unanisisimka.

Ofisa alifungua moja akaliinua. "Hii kitu ya kupigana," alisema.

"Ya shamba, Bwana," mume wangu akajibu. "Naweza kukuonyesha?"

Alilichukua, akalishika kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili akakiburura juu ya ukingo wake, kwa nguvu, kutoka mpini hadi ncha. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, kiganja kilikuwa kizima, kina grisi tu. "Hayajanolewa, Bwana. Yanatoka kiwandani hivi. Mwenye shamba ananoa mwenyewe kwa tupa. Hapa hakuna silaha, hapa kuna chuma."

Ofisa akajaribu kwa kidole gumba chake. Akajaribu tena. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyeelewa hesabu, akaweka ubao juu ya sanduku na kutoa kalamu. Nilimwona akiifungua ile kalamu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani nani atasukuma mkokoteni.

Shemeji naye aliiona. Kwake yeye, sanduku lilikuwa limefunguka na hasira yake bado iko ndani ya kifua, na hiyo haikuwa sawa. Akaja mbele. Akanywa funda moja kubwa, akainama, akapuliza.

Alipuliza vizuri. Yalikuwa manyunyu mazuri, mapana, yakaenea juu ya mapanga, juu ya karatasi, na juu ya soksi nyeupe za ofisa. Akafungua mdomo kusema yale maneno kwa Kidawida, lugha yetu. Alisema, "Kama ni mimi..."

"Unatemea Bwana mate? Wewe mtu ya Taita!"

Yule mnene wa shingo alikuwa ameishika bunduki kwa mtutu, na kitako chake kikaingia katikati ya mdomo wa shemeji. Sauti ilikuwa kama ya kukanyaga chungu. Akampiga tena palepale kabla hajaanguka. Kibuyu kilipasuka sakafuni, na meno, nayasema kwa sababu niliyaona, yalidondoka juu ya zile karatasi za kahawia na yakakaa hapo kwenye grisi.

Mume wangu alikuwa bado na lile panga mkononi.

Hakulishika tena kama mtu wa shamba. Alilishika chini, karibu na paja, na uso wake ukawa mtupu kabisa. Hapo ndipo nilipoiona Burma. Askari alikuwa ameishika bunduki kinyume, mtutu ukimwelekea mwenyewe. Wa pili alikuwa mlangoni, mbali. Yule mnene alikuwa ameshakufa, ila hakuwa ameambiwa. Nami nilijua kwamba panga lile likishafika shingoni, mume wangu atanyongwa, na shemeji atanyongwa, na kila aliyewahi kununua chumvi kwetu atachukuliwa.

Nilirukia lile panga. Nilidaka chuma chenyewe, kwa kiganja, naye alikuwa ameshaanza kulipeleka juu. Panga lililonolewa lingechukua vidole vyangu na kuendelea. Panga butu halikati, linachana. Lilinichana mpaka nikaona kitu cheupe, lakini lilisimama.

"Ni mimi!" nilimpigia kelele kwenye sikio zima. "Ni mimi, baba! Ni mimi!"

Aliitazama damu yangu ikitiririka kwenye mkono wake. Akaachia.

Basi wakampiga. Nimeshasimulia mengi, hili sitalisimulia lote. Walimpiga akiwa amesimama, wakampiga akiwa amelala, na yule mnene alipumzika kidogo akajifuta jasho, akaendelea. Ofisa alikuwa ameegemea ukuta, rangi imemtoka, akisema "Wacha! Wacha!" kwa sauti ndogo ambayo haikumwachisha mtu. Walipomburura nje, yule kijana aliokota ubao wake. Akaifuta karatasi kwa kitambaa cha mfukoni. Akanitazama mimi na kiganja changu, akatazama mapanga, akatia sahihi.

Alitia sahihi! Mzigo ulikuwa halali, kila kitu kilikuwa sawa, na yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria. Alininyooshea nakala yangu. Niliipokea kwa mkono wa kushoto.

Mume wangu alifungwa jela kule pwani kwa kuinua silaha juu ya askari wa serikali. Shemeji alikaa hospitali mpaka taya likaungana, vibaya, limeenda upande. Mimi nilisukuma mapanga nyumbani kwa mkokoteni, kiganja kimefungwa leso, na siku ya pili nilifungua duka. Niliyauza. Watu wa Werugha walikuja, wa Njukini walikuja, na hayakupinda. Aliyetaka la kunolewa nilimnolea mwenyewe kwa tupa, nimelibana panga kwa magoti. Nililia nikinoa, na sikulia kwa huzuni. Kila nilipopitisha tupa niliona ile shingo nene.

Naye alikuja. Siku moja mlango ulitiwa giza, nikainua macho, ni yeye, anatafuna kijiti. Alitaka sigara. Alinitazama usoni, akautazama mkono wangu uliofungwa, akasema, "Mama, habari ya leo? Pole kwa mkono. Ulijikata?"

Hakunikumbuka. Nilimpa sigara zake. Akawa mteja.

Mume wangu alitoka jela amekonda, na hata lile sikio zima lilikuwa limepungua. Hakuweza kuingia nyumbani hivihivi. Shangazi yao, mzee wa ukoo aliyebaki, alisema mambo haya yana hasira mbichi ndani yake, hayawezi kuachwa. Tukapanda Werugha. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta mchana kutwa na ndani ya nyumba moshi ulikuwa mzito. Mume wangu aliketi kwenye kigoda katikati. Shemeji akapewa kibuyu. Alikuwa na neno lake la tangu Voi ambalo hakulimaliza.

Akajaza mdomo. Akajaribu kupuliza. Pombe ilimtoka pembeni mwa mdomo, ikateremka kidevuni, ikalowesha koti. Akajaribu tena. Mtu asiye na meno ya mbele, na mdomo umeunganika upande, hawezi kutoa manyunyu. Alijaribu mpaka kifua chote kikawa maji, na macho yake yakawa kama ya mtu anayezama. Mume wangu aliketi akingoja, mkavu.

Shangazi akanigeukia. "Huyu naye alikuwepo. Damu yake ilimwagika. Mwanangu, mtase mumeo, na mwisho wa hasira yote uwe huo."

Nilipokea kibuyu kwa mkono huu wenye kovu. Nikajaza mdomo. Ilikuwa tamu na chachu. Nilimtazama mume wangu, nampenda, nilitaka aingie nyumbani kwake. Maneno niliyajua tangu utotoni: nimeacha, kupoe, kuwe na amani. Nilivuta pumzi kwa pua ili nipulize, na nikasikia mtu akisema, Mama, habari ya leo? Ulijikata?

Nikameza.

Nilimeza yote, na kila mtu mle ndani alisikia koo langu. Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mume wangu alifumba macho. Nilibaki nimesimama nikingoja wanifukuze, na sikuwa na haya hata kidogo, na leo pia sina.

Ndipo shemeji alipoanza kucheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu siku ile, na kicheko kilikuwa kimebadilika, kinavuja kama mdomo wenyewe. Akajifuta kidevu kwa mkono wa koti.

"Muacheni," alisema. "Mimi ningekuwa na meno, nami ningemeza."

Akachukua kibuyu mkononi mwangu, akakinywa mpaka chini.